Vita Visivyo na Mwenyewe

Vita vinavyokataliwa na watu hutajwa karibu kila mara kwa sura moja: Marekani ya miaka ya 1960, vijana wakiandamana Washington, kadi za kuitwa jeshini zikichomwa moto mbele ya kamera, na askari anayerudi kutoka Vietnam akaikuta nchi imegawanyika. Sura hiyo ni ya kweli, lakini imetuzoesha kudhani kwamba vita visivyopendwa lazima viwe na kelele. Vingi havina. Pale ambapo gazeti linakaguliwa kabla ya kuchapishwa, na jirani anaweza kuwa mtoa habari wa polisi, watu huvichukia vita kimya kimya. Ukimya huo huwaumiza askari na jamii kwa namna ambayo maandamano hayawezi.

Mfano ninaouona kuwa wazi kuliko mingine ni Ureno. Kati ya 1961 na 1974 nchi hiyo, yenye watu wapatao milioni 9 na miongoni mwa maskini wa Ulaya Magharibi, ilipigana vita vitatu kwa wakati mmoja: Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Vya Msumbiji vilifika mpakani kwetu. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, ikafundisha wapiganaji wake Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa hapo hapo Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi, tarehe 3 Februari 1969. Vijiji vya kusini mwa Tanzania vilipokea wakimbizi kwa maelfu, na mabomu ya kutegwa ardhini kandokando ya Ruvuma yaliwakata miguu wakulima wasiokuwa askari wa upande wowote. Historia hiyo tumeisimulia, ingawa si vya kutosha. Hapa nataka kuutazama upande wa pili wa mto: yaliyolipata jeshi, na nchi iliyowatuma vijana wake kupigana bila kuweza kuwaeleza kwa nini. Naamini askari wa vita vya namna hiyo haumizwi sana na anayempigia kelele. Anaumizwa na kukosa mtu wa kupokea hesabu ya aliyoyaona na aliyoyatenda.

Vita hivi havikuchukiwa tangu siku ya kwanza, na ni haki kulisema hilo mapema. Machi 1961 wapiganaji wa UPA, kundi la ukombozi la Angola, walishambulia mashamba ya kahawa kaskazini mwa Angola, wakaua mamia ya walowezi wa Kireno pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika waliokuwa wametoka kusini. Picha za maiti zilisambazwa Lisbon, hasira ikapanda, na vikosi vya kwanza vilipanda meli kwenda Luanda huku vikishangiliwa. Kisasi cha Wareno kiliua Waangola maelfu kwa maelfu, lakini hilo halikuandikwa magazetini. Kwa miezi kadhaa vita vilikuwa na wenyewe. Kilichovipotezea wenyewe ni muda. Januari 1963 mapigano yalianza Guinea-Bissau. Septemba 1964 yakaanza Msumbiji, kule Chai, Cabo Delgado. Mzazi aliyemuaga mtoto wake wa kwanza mwaka 1961 aliweza kujikuta anamuaga wa tatu mwaka 1969, bila kuambiwa mwisho ni lini wala ushindi wenyewe utajulikanaje.

Serikali isingeweza kumwambia, kwa sababu kwa mujibu wa sheria zake hapakuwa na vita. António de Oliveira Salazar, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1932, alibadili katiba mwaka 1951 na makoloni yakawa mikoa ya Ureno iliyo ng'ambo ya bahari. Basi kilichokuwa kikiendelea Angola au Msumbiji kilikuwa kazi ya kurejesha utulivu nyumbani, na waliokuwa wakipigania uhuru waliitwa magaidi. Wakaguzi walipitisha penseli yao ya buluu juu ya kila habari. Kifo cha askari kilipata mistari michache gazetini, cheo na jina na mahali alikozaliwa, na hakuna aliyeruhusiwa kujumlisha. Katika miaka ya mwanzo familia iliyotaka maiti ya kijana wake irudishwe ilibidi ilipe usafiri kwa fedha zake. Mkulima wa Trás-os-Montes au kibarua wa Alentejo angezitoa wapi? Ndiyo sababu askari wengi wa Kireno wamezikwa hadi leo katika ardhi ya Afrika, baadhi katika makaburi ambayo hakuna ndugu aliyewahi kuyaona.

Hata hivyo hesabu ilikuwa kubwa mno kufichika. Kijana aliyeitwa jeshini alitumikia hadi miaka minne, na kwa kawaida miwili kati ya hiyo ilikuwa Afrika. Katika miaka 13 wanaume wapatao 800,000 walitoka Ureno kwenda vitani, kwa hiyo familia isiyoguswa ilikuwa adimu. Zaidi ya 8,000 walikufa. Maelfu wengine walirudi na ulemavu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 jeshi lilikuwa likimeza karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali, katika nchi ambayo bado ilikuwa na watu wengi wasiojua kusoma.

Mtu asiyeweza kuandamana huondoka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 hadi 1974 Wareno zaidi ya milioni moja waliihama nchi yao, wengi wao wakienda Ufaransa. Umaskini ndio uliowasukuma wengi, na sitaki kuvitwika vita mzigo wote. Lakini kwa kijana wa miaka 18 umaskini na kambi ya jeshi vilikuwa vimesimama mlango mmoja. Sheria ilimkataza mwanamume wa umri wa kuandikishwa kutoka nje bila kibali, kwa hiyo alilipa mpitishaji, akavuka mpaka wa Uhispania usiku kwa miguu, kisha milima ya Pyrenees. Familia nyingi zilitumia mbinu moja. Picha ya msafiri ilichanwa vipande viwili: kimoja kilibaki kwa familia, kingine akaenda nacho. Akifika salama alikituma nyumbani, vipande vikaunganishwa, na hapo ndipo mpitishaji alipolipwa sehemu iliyobaki ya fedha zake. Safari iliishia mara nyingi Champigny, nje kidogo ya Paris, katika kitongoji cha vibanda vya mbao na mabati kilichozama kwenye tope, ambako maelfu ya Wareno waliishi wakijenga nyumba za Wafaransa.

Watafiti wa Kireno wanakadiria kwamba vijana kama 200,000 hawakutokea kabisa kwenye uandikishaji katika kipindi chote cha vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu kijana mmoja kati ya watano aliyeitwa hakufika. Watoro halisi, yaani waliokimbia wakiwa tayari wamevaa sare, walikuwa wachache zaidi, karibu 9,000. Tofauti ya tarakimu hizo inaeleza kitu. Watu hawakulikimbia jeshi vitani kwa wingi. Walilikimbia nyumbani, kabla ya kulijua, kwa sababu habari zilizokatazwa gazetini zilikuwa zimefika jikoni na kilabuni. Hapo ndipo jamii ilipopasuka kwa namna isiyosemwa sana. Aliyekwenda Guinea alijua kwamba mwenzake waliyecheza naye mpira yuko Paris anatuma faranga nyumbani. Aliyekwenda Paris alijua kwamba jina lake limeandikwa kituo cha polisi, na mama yake akifa hataweza kurudi kumzika. Wote wawili walikuwa wahanga wa uamuzi mmoja, na kwa miaka mingi kila mmoja alimtazama mwenzake kama aliyemwachia mzigo.

Na yule aliyekwenda alikutana na nini? Kwa sehemu kubwa alikutana na barabara. Vita vya msituni havikuwa na mstari wa mbele wa kusogeza. Vilikuwa na kambi ndogo zilizotengana, na kila kambi ililazimika kuletewa chakula, risasi na barua kwa msafara wa malori. Wapiganaji wa FRELIMO, wa MPLA ya Angola na wa PAIGC ya Guinea-Bissau waliitega mabomu njia hiyo. Basi mbele ya malori ya Berliet na Unimog walitembea askari wenye fimbo zenye ncha ya chuma, wakichoma udongo hatua kwa hatua, wakisikiliza kama ncha imegusa kitu kigumu. Sakafu za malori zilijazwa mifuko ya mchanga. Msafara ulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na safari ambayo kwa amani ingekuwa ya asubuhi moja iliweza kuchukua siku kadhaa. Mtu aliyefanya kazi hiyo ya kuchoma udongo kwa miezi alirudi Lisbon akashindwa kukanyaga majani ya bustani, na mkewe hakuelewa kwa nini.

Vifo vyenyewe mara nyingi havikuwa vya mapigano. Sehemu kubwa ya waliokufa iliuawa na ajali za magari, silaha zilizofyatuka kwa bahati mbaya, maradhi na mito. Tarehe 6 Februari 1969, jeshi lilipokuwa likiihama kambi ya Madina do Boé nchini Guinea kwa sababu haikuweza tena kulindwa, kivuko kilichobeba askari kilipata ajali katika Mto Corubal, pale Cheche. Watu 47 walizama. Hapakuwa na adui wa kumlaumu, na hapakuwa na ardhi iliyopatikana, kwa kuwa walikufa wakiondoka. Miaka minne baadaye, Septemba 1973, PAIGC ilitangaza uhuru wa Guinea-Bissau katika eneo hilo hilo la Boé. Katika historia ya kijeshi Cheche ni tukio dogo. Kwangu linabeba swali zima: mzazi wa mmoja wa wale 47 angeambiwa mwanawe amekufa akilinda nini?

Kati ya kambi na nyumbani kulikuwa na karatasi nyembamba ya barua, iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, ikasafirishwa bure. Karatasi hizo ziligawiwa na shirika la wanawake lililokuwa karibu na utawala, ambalo pia liliwatafutia askari wasichana wa kuandikiana nao. Barua zilikwenda kwa mamilioni, na ajabu yake ni jinsi zilivyosema machache. Askari hakutaka kumtisha mama yake. Aliogopa pia mkaguzi. Aliandika kwamba yuko salama, kwamba joto ni kali, akauliza habari za ng'ombe. Kila Krismasi kamera za televisheni ya taifa zilikwenda kambini, vijana wakapangwa foleni, na kila mmoja akapewa sekunde chache kutaja jina, kuwasalimia wazazi, kuwatakia heri ya mwaka mpya na kuahidi kwamba watamwona akirudi. Nchi nzima ilikaa kusubiri sura moja. Ndiyo ilikuwa nafasi pekee ambapo taifa lilionana na jeshi lake, na hakuna aliyeruhusiwa kusema lolote.

Ukimya huo ulikuwa na waliouawa chini yake. Tarehe 16 Desemba 1972 makomando waliingia Wiriyamu na vijiji jirani katika mkoa wa Tete, wakaua watu karibu 400, wanawake na watoto wakiwa wengi. Wamisionari walikusanya majina ya waliouawa, lakini dunia haikujua hadi Julai 1973, padri Adrian Hastings alipochapisha habari hizo katika gazeti la The Times la London, siku chache kabla ya Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar, kuwasili Uingereza kwa ziara. Mauaji ya raia hutokea pia katika vita vinavyopendwa, kwa hiyo sisemi kwamba kutopendwa ndiko kulikoleta Wiriyamu. Ninachosema ni kwamba nchi isiyokiri kuwa iko vitani haina pa kuuliza jeshi lake limefanya nini. Bunge haliulizi, gazeti haliandiki, hakimu haitwi. Waliofanya hawakuadhibiwa, na walioshuhudia wakashauriwa wanyamaze. Serikali ya Ureno ilikuja kuomba radhi mwaka 2022, waziri mkuu António Costa alipozuru Maputo, nusu karne baadaye.

Wiki mbili tu baada ya mauaji hayo, habari zake zikiwa bado hazijatoka, Wakatoliki kadhaa walijifungia katika kanisa dogo la Rato, Lisbon, mkesha wa mwaka mpya wa 1973, wakafunga kula na kujadili vita. Polisi waliingia na kuwakamata. Wafanyakazi wa serikali waliokutwa humo walifukuzwa kazi. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, na bado utawala uliliogopa kiasi cha kuvunja utulivu wa kanisa katika nchi iliyojivunia Ukatoliki wake.

Kosa kubwa zaidi la utawala lilikuwa la kuwapeleka wapinzani wake jeshini. Wanafunzi wa Coimbra waligoma mwaka 1969, na viongozi wao wakaadhibiwa kwa kuandikishwa. Wakati huo jeshi lilikuwa na upungufu mkubwa wa maofisa wa ngazi ya chini: vijana wa shule walikuwa wamekimbilia nje, na chuo cha kijeshi hakikupata waombaji. Pengo lilijazwa na wahitimu wa vyuo vikuu walioitwa kwa lazima, wengi wakiwa wamebeba vichwani mwao vitabu vilivyopigwa marufuku. Wakakaa miaka miwili kambini na makapteni wa kazi, watu waliokuwa wanakwenda Afrika mara ya pili, ya tatu, hata ya nne, na waliokuwa wakijua kuliko waziri yeyote kwamba ushindi hauwezi kupatikana wala vita hivi kumalizwa kwa bunduki. Usiku ni mrefu msituni. Mazungumzo yalifanyika.

Julai 1973 serikali, ikijaribu kuziba lile pengo, ilitoa amri iliyowaruhusu maofisa wa muda kupanda vyeo kwa kozi fupi na kuwapita wale wa kazi. Makapteni walikasirika. Mwanzo wa mapinduzi ya Ureno ulikuwa malalamiko ya vyeo, na hakuna aibu kukiri hivyo, maana ni ushahidi wa jinsi vita visivyopendwa vinavyokula jeshi kutoka ndani: vinawanyima maofisa heshima, kisha vinawanyima sababu. Septemba mwaka huo walikutana kwa siri karibu na Évora. Kufikia Februari 1974 Jenerali António de Spínola, aliyekuwa ameongoza vita vya Guinea, alichapisha kitabu akisema wazi kwamba ushindi wa kijeshi hauwezekani. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili nyimbo mbili zilipigwa redioni kama ishara, vikosi vikatoka kambini, na Kapteni Salgueiro Maia, kijana wa miaka 29 aliyekwisha kutumikia Msumbiji na Guinea, akaongoza magari yake kutoka Santarém hadi katikati ya Lisbon. Utawala wa miaka 48 ulianguka kwa siku moja. Polisi wa siri waliwafyatulia watu risasi na kuua wanne.  Wiki zilizofuata askari walikataa kupanda meli, na mitaani watu wakadai asitumwe Afrika hata mmoja zaidi.

Kwa Afrika hilo lilikuwa tunda la mapambano yake yenyewe. Bila miaka kumi na zaidi ya vita vya MPLA, PAIGC na FRELIMO hakuna kapteni ambaye angeasi. Ila ukiitazama jamii ya Ureno, utaona jambo ambalo mfano wa Marekani hauonyeshi. Huko raia ndio waliowapinga viongozi. Hapa aliyekataa vita kwa sauti alikuwa askari mwenyewe, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na silaha na ndiye pekee aliyeijua habari kamili.

Ungetarajia basi kwamba nchi ingemsikiliza. Haikumsikiliza. Makapteni wakawa mashujaa, maua ya karnesheni yakawekwa kwenye midomo ya bunduki, na picha hizo zikawa ndizo picha za jeshi. Watu 800,000 waliokuwa wamepita Afrika waliingia katika demokrasia changa iliyovilaani vita vyao, kwa haki kabisa, na isiyotaka kuwasikia. Kwa mrengo wa kushoto walinuka ukoloni. Kwa wale waliosikitikia himaya walinuka kushindwa. Mwaka 1975 karibu nusu milioni ya walowezi walirudi kutoka Angola na Msumbiji, makreti yao yakarundikana bandarini Lisbon, na nchi ikawa na wenye shida wengi kiasi kwamba askari wa zamani hakuonekana. Chini ya Salazar alinyamazishwa na penseli. Chini ya uhuru alinyamazishwa na aibu ya wengine.

Walemavu ndio waliokataa mapema. Tarehe 14 Mei 1974, hata mwezi haujatimia tangu mapinduzi, waliunda chama chao, na wengi wa waanzilishi walikuwa vijana waliokatwa miguu au kupofuka, waliofichwa katika wodi za hospitali ya jeshi ya Lisbon. Walidai viungo bandia, pensheni na kazi, wakapata sheria yao mwaka 1976. Jeraha la akili lilisubiri zaidi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Daktari Afonso de Albuquerque wa Hospitali ya Júlio de Matos alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwatibu wanaume waliolala na kisu chini ya mto, waliojitupa sakafuni fataki zilipolia sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, waliokunywa hadi kazi ikawafukuza. Wake zao walikuwa wamejua tangu zamani. Wao ndio waliojifunza kumwamsha mume kwa kumgusa kidole cha mguu wakiwa wamesimama mbali, wasije wakakabwa koo na mtu aliye usingizini. Chama cha wahanga wa msongo wa vita kilianzishwa mwaka 1994. Sheria ya kuutambua ugonjwa huo kama ulemavu wa vita ilipitishwa mwaka 1999, miaka 25 baada ya risasi ya mwisho.

Marekani ilifika hapo mwaka 1980, pale chama cha madaktari wa akili kilipouingiza ugonjwa huo katika mwongozo wake, baada ya askari wa Vietnam wenyewe kukutana kwa miaka katika vikundi vya mazungumzo na kuwashurutisha madaktari wasikilize. Hapo ndipo kelele zilipokuwa na faida. Nchi iliyogombana hadharani juu ya vita vyake iliacha mlango wazi wa kuzungumzia majeraha yake. Umoja wa Kisovieti, uliopoteza askari karibu 15,000 Afghanistan kati ya 1979 na 1989, ulifuata njia ya Lisbon. Majeneza ya zinki yalirudishwa yamefungwa, na kwa miaka ya mwanzo kaburi halikuruhusiwa kutaja mtu alikofia. Askari wa zamani aliyekwenda kudai nyumba alijibiwa na karani kwamba si yeye aliyemtuma huko. Mtu anaweza kuuliza kama kiwewe cha vita kinajali kura za maoni, maana hata waliompiga Hitler waliota ndoto mbaya. Ni kweli. Lakini aliyempiga Hitler alirudi akakuta meza ambapo mtu alimuuliza ilikuwaje, akaamini jibu. Msaada huo ni mdogo kiafya na mkubwa kwa maisha ya miaka 40.

Waandishi waliwatangulia wabunge. António Lobo Antunes, daktari aliyetumikia Angola kuanzia 1971 hadi 1973, alitoa riwaya zake za kwanza mwaka 1979, na vita vimo ndani yake kama harufu isiyotoka nguoni. Lídia Jorge, aliyeishi Msumbiji kama mke wa ofisa, aliandika kuhusu Beira ya wake wa maofisa walioachwa hotelini huku waume zao wakiwa kaskazini. Ninampa Lídia Jorge uzito wa pekee, kwa kuwa alionyesha kwamba ukatili uliojifunzwa msituni ulirudi chumbani kabla meli haijaondoka Afrika.

Nimewaacha mwisho watu ambao katika simulizi nyingi hawamo kabisa. Kadiri vijana wa Ureno walivyozidi kutoonekana kwenye uandikishaji, ndivyo jeshi lilivyozidi kuandikisha Waafrika. Mwisho wa vita zaidi ya nusu ya askari waliopigana upande wa Ureno nchini Msumbiji walikuwa wenyeji. Guinea ilikuwa na makomando wa Kiafrika watupu, Angola ilikuwa na vikosi vilivyoendeshwa na polisi wa siri. Wengine waliingia kwa mshahara, wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa uhasama wa muda mrefu na makabila yaliyokuwa msituni, na wapo walioamini. Vita ambavyo watu wa Lisbon hawakuvitaka vilihamishiwa kwa watoto wa wengine. Marekani ilifanya vivyo hivyo kwa jeshi la Vietnam Kusini, na matokeo yalifanana: mwenye vita aliondoka, aliyekodiwa akabaki.

Nchini Guinea-Bissau mamia ya makomando hao waliuawa baada ya uhuru, na makaburi ya pamoja yalitangazwa mwaka 1980 baada ya serikali kupinduliwa. Msumbiji haikuwaua hivyo. Ilibandika picha na historia za walioshirikiana na mkoloni katika sehemu zao za kazi, na mwaka 1982 Rais Samora Machel aliwaita Maputo kwa mkutano wa siku kadhaa, akawahoji mmoja mmoja mbele ya umma kabla ya kuwarudishia haki. Ulikuwa mkutano mgumu, wenye udhalilishaji ndani yake, na bado naona ulikuwa mojawapo ya nafasi chache ambapo askari wa vita hivi aliulizwa alichofanya na akajibu akisikika. Ulikuja umechelewa. Baadhi ya waliokuwa vikosi vya wenyeji walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Rhodesia, wakawa miongoni mwa wapiganaji wa mwanzo wa RENAMO, kundi la waasi lililoipiga vita serikali ya FRELIMO, na vita vilivyofuata viliendelea hadi 1992, vikawavuta hata askari wa Tanzania kwenda kulinda Zambézia.

Mjini Bissau wapo pia watoto walioachwa na askari wa Kireno. Leo ni watu wazima waliovuka miaka 50, wenye chama chao, wengi wakitafuta jina la baba ambaye mama alimjua kwa jina la utani tu. Huko Ureno baba huyo, kama yu hai, huenda hajawahi kumwambia mke wake.

Mwaka 2020 bunge la Ureno lilipitisha sheria ya hadhi ya askari wa zamani: usafiri wa umma bure mijini, kuingia makumbusho bila malipo, bendera ya taifa juu ya jeneza kwa familia itakayotaka. Kwa wazee wengi lilikuwa tamko la kwanza la namna hiyo kutoka kwa nchi yao. Wazee wengi wa Bissau waliovaa sare ile ile hawakufikiwa nalo. Mkataba wa Algiers wa Agosti 1974 uliwaahidi pensheni kwa waliojeruhiwa na waliotumikia. Sheria ya uraia ya Juni 1975 ikawaondolea wengi wao Ureno waliyoambiwa kuwa ni yao, na miaka nenda rudi baadhi yao wamekuwa wakibisha hodi kwenye ubalozi wakiwa na makaratasi yaliyochakaa, wakidai walipwe kama askari wa nchi ambayo kwenye kadi zao za jeshi imeandikwa kuwa nchi yao.